Baiskeli ya milimani ya bei nafuu: anza kwenye matairi, foku iache kwanza

Mwenye baiskeli mpya ya milimani huanza kuitamani foku kubwa ya mbele, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, kwa kuwa ndiyo inayoonekana. Tafadhali iache kwanza. Baiskeli hubadilika zaidi pale inapogusa ardhi na pale inapokugusa wewe, na sehemu hizo hazina gharama kubwa.

Matairi ndiyo ya kwanza. Yanayokuja na baiskeli za bei nafuu mara nyingi ni ya mpira mgumu wenye meno mafupi, hivyo huteleza kwenye mawe yenye unyevu na mizizi. Kabla ya kununua, soma namba ubavuni mwa tairi la zamani: 622 ni rimu ya inchi 29, 584 ni ya 27.5, na 559 ni ya 26. Kisha pima nafasi kati ya tairi na fremu. Tairi jipya libakiziwe angalau milimita 6 kila upande, maana gurudumu hupinda kidogo kwenye kona na tope nalo linahitaji pa kupita. Kama fedha inatosha tairi moja tu, funga la mbele, lenye meno marefu. La nyuma likiteleza unaweza kuliokoa. La mbele likiteleza, umeshaanguka.

Upepo nao ni nusu ya kazi. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi la upana wa inchi 2.25 na tyubu anaweza kuanza na psi (kipimo cha upepo) 28 nyuma na 25 mbele, kisha apunguze psi moja moja. Ukitoa tyubu iliyopasuka ukakuta matundu mawili yamekaa sambamba, kama imeng'atwa na nyoka, usilaumu mwiba: upepo ulikuwa mdogo, na tyubu ikabanwa kati ya jiwe na rimu.

Baada ya hapo, breki. Nyingi za diski za bei nafuu hutumia waya, na watu huzitupa kabla hawajazirekebisha. Kwa kawaida, kati ya pedi mbili zinazobana diski, moja tu ndiyo inayosogea. Ya upande wa ndani imesimama, na inapolika, diski huanza kusukumwa na kupindishwa. Isogeze pedi hiyo kwa skrubu yake hadi ibaki nafasi ndogo kama unene wa kadi nyembamba. Badilisha pia waya na ala yake (mrija unaoufunika) ikiwa na kutu. Angalizo muhimu: ala ya gia usiitumie kwenye breki. Nyuzi zake za chuma zimelala kwa urefu, kwa hiyo ukikamata breki kwa nguvu inaweza kupasuka. Ya breki imesokotwa kama springi, nayo huhimili.

Ukinunua pedi mpya, tazama maandishi kwenye diski. Ikiandikwa kwamba ni ya pedi za resini tu, pedi za chuma zitaila upesi. Kisha zizoeshe: shika kasi ya wastani, kamata breki taratibu hadi karibu na mwendo wa kutembea bila kufunga gurudumu, rudia mara 20 hivi. Tone moja la mafuta ya mnyororo likigusa pedi, kazi yote imeharibika.

Pedeli pana zenye pini ndogo za chuma hushika soli vizuri kuliko zile za plastiki. Uzi wa skrubu yake kwa kawaida ni inchi 9/16. Ya kushoto hufungwa kinyume, na zote zipakwe grisi, la sivyo siku ya kuzitoa utavunja spana.

Sasa ile foku. Fremu nyingi za daraja hili zina bomba la mbele lililonyooka, la shina (mrija wa juu wa foku unaoingia humo) la milimita 28.6, ilhali foku nyingi za kisasa zina shina linalopanuka chini. Haziingii. Hata ikiingia, foku ndefu kuliko ya awali huinua usukani na kuibana fremu isivyokusudiwa.

Gia ni mtego mwingine. Ukiona sproketi za nyuma zimefungwa kwa uzi wa skrubu juu ya habu (kitovu cha gurudumu), yaani friwili, beringi ya kulia imekaa mbali na ukingo wa fremu, na ndiyo sababu ekseli hupinda mpanda anaporuka. Sproketi nyingi zaidi hazitatibu hilo. Tiba ni gurudumu la nyuma lenye habu ya kaseti, ambayo sproketi huchomekwa juu yake, na upana wa fremu pale gurudumu hilo linapokaa uupime kwanza, mara nyingi ni milimita 135.

Mnyororo upime kwa rula: viungo kamili 12 (kila kimoja ni cha ndani na cha nje pamoja), kutoka katikati ya pini moja hadi pini nyingine, ni milimita 304.8. Ukisoma zaidi ya 306, ununue mpya kabla haujala sproketi.