Kumwombea mgonjwa kifungo kwa kifungo

Sweta la mama ni la kijani, la mtumba, nililinunua Mwanjelwa baada ya kulivutana na mwanamke mwingine aliyekuwa ameliona kabla yangu. Lina vifungo vitano. Anayekaa huku Uyole, Mbeya, anajua kwamba mwezi wa sita na wa saba sweta si pambo, ni nguo ya kuamkia na ya kulalia. Sasa mama, tangu kiharusi kilipompiga upande wa kulia, amefika kifungo cha tatu. Vile viwili vya juu bado namfungia mimi.

Nasema hivi kwa sababu watu kanisani huniuliza, "Mama alipona?" na naona wanasubiri neno moja, ndiyo au hapana. Jibu langu ni vifungo vitatu. Kama na wewe unauguza mtu, unaomba na bado hajasimama, kaa kidogo nikwambie nilipokosea na nilichojifunza, maana nimekosea sana.

Kosa la kwanza lilikuwa asubuhi ile ile. Mama alikuwa na presha ya miaka mingi, na dawa aliziacha kimya kimya kwa kuwa alijisikia vizuri. (Presha ndivyo ilivyo, humwacha mtu ajisikie vizuri huku inamla.) Nilimkuta mdomo umekwenda upande, mkono umelegea kama kitambaa kilicholowa, maneno yanatoka nusu nusu. Jirani akasema ni upepo mbaya, mwingine akasema kuna mkono wa mtu. Mimi kiongozi wa maombi ya wanawake nikafanya nini? Nikawapigia simu wenzangu waje tuombe. Walikuja, tukaomba kwa machozi, na saa tatu zikapita kabla hatujatafuta gari. Daktari hakunigombeza, aliniuliza tu ilianza saa ngapi. Nilipomjibu akaandika, kisha akanyamaza. Kiharusi ni mshipa wa kichwani ulioziba au uliopasuka, na kila dakika inayopita kuna sehemu ya ubongo inayokufa. Siku hizi nikiitwa mahali pa namna hiyo nauliza gari liko wapi, na tunaombea humo humo garini. Mungu hasumbuliwi na mlio wa injini.

Kosa la pili lilikuwa la majivuno, na hili ndilo lililonifanya nikae nikaandika. Miezi mitatu baadaye kulikuwa na mkutano wa maombezi mjini, hema kubwa, spika kama za harusi. Nikampeleka mama. Vijana wawili walimshika kwapani wakamnyanyua, mhubiri akapaza sauti, "Tembea!" na mama akapiga hatua nne, au tuseme alipigishwa. Watu wakalipuka kwa shangwe. Nikapewa kipaza sauti nami nikashuhudia kwamba mama yangu amepona, nikataja na kikundi changu cha maombi. Tulirudi kwa bajaji, mama ameniegemea begani kwa uzito wake wote. Tulipokaribia nyumbani akaniuliza taratibu, kwa ule ulimi wake uliokuwa bado mzito, "Mwanangu, ulisema nani amepona?"

Goti lilivimba, akalala wiki tatu. Nilipompigia mmoja wa waombezi wale akaniambia uponyaji ulikuwepo ila mama aliupoteza kwa mashaka. Sikumjibu. Nilikata simu nikaenda kuloweka nguo.

Katika wiki hizo tatu nilisoma Mathayo 15 mara nyingi kuliko nilivyopata kuisoma maishani. Yule mama Mkanaani wa pande za Tiro na Sidoni, Marko anamwita Msirofoinike, alikuwa na binti anayeteseka. Nilizoea kumhubiri kama shujaa wa kelele. Na kweli alipiga kelele, hata wanafunzi wakaomba aondolewe. Lakini tazama alichokuwa anakisema. "Unirehemu." "Bwana, unisaidie." Hakuna mahali aliposema nadai. Sisi siku hizi tumezoea kudai uponyaji, na neno kudai kwa Kiswahili lina maana yake: anayedai ana daftari, na anayedaiwa amekopa. Mungu alinikopa lini?

Kisha likaja lile neno gumu, kwamba si vema kukitwaa chakula cha watoto na kuwatupia mbwa. Nimewasikia wahubiri wakilainisha, wakieleza kuwa kwa Kigiriki ni mbwa wadogo wa nyumbani. Ndivyo neno lilivyo, ila sioni kama kwa mama yule lilipunguza uchungu. Nionavyo mimi, alikuwa na kila sababu ya kukasirika akaondoka, na hakuna ambaye angemlaumu. Alibaki. Akachukua neno lile lile akaligeuza, kwamba hata mbwa hula makombo yaangukayo mezani. Hakushindana kuhusu kiti. Alijua meza ni ya nani, na alijua chembe moja ya meza ile inamtosha binti yake. Yesu akamwambia, "Mama, imani yako ni kubwa."

Hapo nikajiona. Mimi nilitaka kiti cha mbele na kipaza sauti. Makombo sikuwa hata nayatazama.

Basi nikaanza upya, na nilianza kwa jambo ambalo hata mtoto angelifikiria. Nilimuuliza mgonjwa. Bartimayo kipofu alipoitwa kule Yeriko, Yesu alimuuliza, "Wataka nikufanyie nini?" ingawa kila mtu pale aliona kwamba jamaa haoni. Nilikuwa nimemwombea mama miezi yote akimbie, apande basi arudi kijijini Tukuyu, alime. Nilipomuuliza anataka nimwombee nini, alitazama chini muda mrefu. "Nifike chooni mwenyewe."

Ilinichoma. Mama anakaa kwangu, nyumba ya mkwe wake. Kwa Mnyakyusa wa umri wake, kushikwa mkono na mkwe kupelekwa chooni siku ambayo mimi sipo ni aibu ya kufa nayo. Kumbe siku nikienda dukani alikuwa hanywi maji tangu asubuhi ili asihitaji kwenda. Na mimi nilikuwa naomba apande milima.

Tukaacha kuomba milima. Tukaombea hatua ishirini na mbili, kutoka mlango wa nyuma hadi chooni, nilizihesabu. Mume wangu akakata mianzi akaifunga kwenye nguzo kama uzio wa kushikilia, njia nzima, na ndani ya choo akaweka mwanzi mwingine wa kunyanyukia. Wapo waliosema kuweka mianzi ni kumwambia Mungu hatutarajii. Niliwaacha waseme. Wiki ya saba mama alienda na kurudi peke yake, amechelewa hadi nikataka kumfuata, akaketi kwenye stuli jikoni akasema, "Ndaga, Kyala." Asante, Mungu. Hakuna aliyepiga shangwe, mume wangu alijifanya anatafuta kitu chini ya kabati.

Upande wa mkono, mtaalamu wa mazoezi wa hospitali alituonyesha namna ya kukunjua vidole kimoja kimoja na kumpa kitu laini akibonyeze. Mpira hatukuwa nao siku hiyo, tukatumia kiazi kidogo kilichochemshwa nusu. Uyole ukikosa kiazi, una matatizo makubwa kuliko kiharusi. Ikawa ndiyo ibada yetu ya asubuhi: anabonyeza kiazi, tunasema mstari mmoja wa Baba Yetu, anapumzika, anabonyeza tena. Mara nyingine kwenye "utupe leo riziki yetu" kiazi kinapasuka, tunacheka, tunachukua kingine. Dawa za presha anameza hapo hapo baada ya Amina, ili nisisahau mimi na asiache yeye. Naamani, yule jemadari mwenye ukoma, naye alitaka jambo kubwa, akaambiwa akaoge Yordani mara saba, akachukia kwa sababu kwao Dameski kulikuwa na mito mizuri zaidi. Nadhani mara ya kwanza hadi ya sita alitoka majini na ukoma wake ule ule, watumishi wake wanamtazama.

Utaambiwa kwamba kuombea jambo moja kila siku ni kutoamini, kwamba mwenye imani huomba mara moja akabaki kushukuru. Niliambiwa hivyo na mtu ninayemheshimu, nikahangaika nalo. Baadaye nikaona Bwana mwenyewe pale Gethsemane aliomba mara ya tatu kwa maneno yale yale, na Paulo aliomba mara tatu kuhusu mwiba wake. Eliya akiombea mvua alimtuma mtumishi wake akatazame baharini mara saba, na alichopata mwishoni ni kiwingu kidogo kama mkono wa mtu. Mimi niliyekuwa namfunza mama kufungua mkono, niliposoma hapo nilifunga Biblia kwanza. Alichokataza Yesu kwenye Mathayo 6 ni kupayuka-payuka tukidhani wingi wa maneno ndio unaosikiwa, na hilo ni jambo jingine kabisa. Mtoto anayerudi kwa mama yake mara ya kumi hapayuki, ila anajua yuko kwa mama yake.

Sisi Wamoravian tungepaswa kulijua hili kuliko wengi. Mwaka 1727 kule Herrnhut, Ujerumani, waumini waligawana saa za mchana na usiku, kila mtu na saa yake ya kuomba, na mnyororo ule ukaendelea zaidi ya miaka 100. Mbegu ya kanisa lililofika Rungwe mwaka 1891 imetoka humo. Nikaiga kwa kipimo changu. Uuguzaji unachosha, na mtu mmoja hawezi kuomba, kuogesha, kupika na kuuza duka. Dada yangu aliyeko Makambako alichukua saa kumi na moja alfajiri, kaka yangu aliyeko Iringa saa mbili usiku, na mimi nikaruhusiwa kulala. Kama unauguza peke yako, omba watu wakubebee saa. Usione haya.

Kuhusu mafuta na maji ya upako nitasema kifupi. Yakobo katika waraka wake anaagiza mgonjwa awaite wazee wa kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta. Mchungaji wetu alikuja na mzee mmoja wa kanisa, wakampaka, wakanywa chai, wakaondoka. Hawakuacha bei. Mwingine aliniambia nipande mbegu ya shilingi 50,000 kabla hajaomba, na hapo nikajua nimefika dukani. Sijidai mjanja: mwaka 2011, nchi nzima ilipokuwa inakwenda Loliondo kwa Babu kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500, mimi nami nilitamani, kilichonizuia ni nauli tu.

Jambo moja bado ni zito kwangu. Mwaka jana tulimwombea mtoto wa jirani kwa moyo huo huo, kwa unyenyekevu, pamoja na hospitali na kila kitu, na tulimzika. Paulo aliyeponya wengi alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa, ameandika sentensi hiyo moja kwa Timotheo na hakueleza. Sina maelezo kumzidi Paulo. Ninachoweza kukuomba ni kwamba mdomo wako usimwambie mama wa mtoto yule kuwa imani yake haikutosha. Mpelekee maji ya kunywa. Mfulie mashuka. Yule Mkanaani kama angerudi nyumbani akamkuta bintiye vile vile, bado asingestahili mtu wa kumhesabia makosa.

Leo asubuhi kulikuwa na ukungu, mlima hauonekani. Nilimkuta mama ameketi kitandani na sweta lake, kifungo cha nne kimeingia nusu kwenye tundu, kimekwama upande, ulimi ameubana kwenye kona ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Nikanyoosha mkono nimsaidie. Akaupiga kofi kwa ule mkono wa kushoto.

"Wewe omba," akasema. "Ombea kidole gumba."