Moto kwenye tangazo la gesi

SWALI: Shikamoo Mzee. Nina duka la mitungi ya gesi hapa Ngamiani, Tanga, na matangazo yangu nayaweka Instagram na WhatsApp. Mpwa wangu ndiye anayeniandikia. Wiki iliyopita kaandika: "MZIGO UMETUA 🔥🔥🔥💥 Mitungi ipo ya kumwaga!! Tunafungua saa 2 asubuhi 🕑😍". Mteja mmoja akapiga simu kuuliza kama kuna aliyeumia. Kaka yangu, ambaye tunashirikiana biashara, anataka vikatuni vyote viondoke, anasema ni utoto. Mpwa naye anasema bila emoji hakuna anayesoma. Nimsikilize nani?
Muuza Mitungi

JIBU: Marahaba mwanangu. Nilicheka, kisha nikamhurumia huyo mteja. Vijana wakisema kitu ni moto wanakisifu, lakini mwenye mtungi jikoni, moto ndio unaomkosesha usingizi. Umemwekea moto mara tatu, mlipuko juu yake, na neno "kumwaga" hapo hapo. Hilo si tangazo, ni taarifa ya ajali.

Kabla ya mambo ya simu nilikuwa nachora mabango ya maduka huko huko Ngamiani. Muuza nyama alitaka kichwa cha ng'ombe, kinyozi alitaka mkasi na kitana, na mtu akipita na baiskeli yake alijua pa kusimama. Bwana mmoja alitaka nimchoree redio, pasi, feni, waridi na simba. Nilimchorea, hela nikala, lakini watu waliendelea kumuuliza anauza nini. Basi kipime kikatuni hivyo hivyo: kinamwonyesha mteja kitu anachokitafuta? 📍 kabla ya jina la mtaa kina kazi, 📞 kabla ya namba kina kazi. Hicho cha macho ya mapenzi hakina. Nani anaupenda mtungi kiasi hicho?

Halafu kuna jambo ambalo naona nyote watatu limewapita. Mpwa wako kaweka saa yenye mkono kwenye 2. Tazama saa ya ukutani: mkono mfupi ukiwa kwenye 2, sisi tunasema saa nane. Saa 2 asubuhi mkono uko kwenye 8, kwa hiyo alitakiwa aweke 🕗. Waliochora vitu hivi hawahesabu saa kama sisi. Yule Mjapani, Shigetaka Kurita, alipotengeneza seti yake ya picha 176 kwa kampuni ya simu ya Docomo mwaka 1999, kila picha aliibana kwenye nukta 12 kwa 12. Mimi kwa nafasi hiyo hata pembe ya ng'ombe isingetoka.

Kurudiarudia nako kuna madhara. Wapo wateja wasioona, simu ndiyo inayowasomea, nayo hutaja kila kikatuni kwa jina lake. Watasikia moto, moto, moto kabla hawajafika kwenye bei.

Kaka yako yuko sahihi mahali pawili: tangazo la bei kupanda, na kumjibu mteja mwenye malalamiko. Hapo andika maneno matupu. Na kwenye oda uwe mwangalifu na 👍. Mwaka 2021 huko Canada, mkulima mmoja alitumiwa picha ya mkataba wa kuuza mbegu za kitani, akajibu kwa hilo dole gumba. Mzigo hakuupeleka. Alidai alimaanisha nimeupata tu, mwaka 2023 jaji akasema umekubali, akaamriwa alipe zaidi ya dola 82,000 za kule. Sheria ya Canada si yetu, lakini ugomvi wa namna hiyo hauhitaji pasipoti. Mwenye mgahawa akikuuliza kama utampa mitungi 20 kwa bei ya mwezi jana, andika "Nimekubali" au "Nimeona, nitakujibu".

Tangazo lako mimi ningeliandika hivi:

Mitungi ya kilo 6 na 15 imefika.
📍 Ngamiani (taja barabara)
🕗 Saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni
🛵 Tunakuletea Chumbageni na Raskazone
📞 Namba yako

Kama mpwa anang'ang'ania moto, apige picha ya sufuria juu ya jiko, mwali uwe wa buluu. Na kaka akitaka pikipiki nayo iondoke, mkatalie. Wa Raskazone wanaitafuta hiyo.