Uvimbe kwenye kovu la oparesheni: ni ngiri au ni desmoidi?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 29, naishi Mbagala. Nilijifungua kwa oparesheni mwaka juzi. Baadaye nikaota uvimbe mgumu juu kidogo ya kovu. Hospitali ya kwanza walisema ni ngiri, wakanipangia kupasuliwa. Nikafanya CT scan, uvimbe ukasoma sentimita 5, na daktari mwingine akasema inaelekea ni desmoidi, yaani uvimbe wa nyuzi ngumu unaoota kwenye misuli, nisubiri kwanza. Shemeji anasema nisingoje, utasambaa. Nimsikilize nani? Nikipasuliwa nitazaa tena? Na mama amenipa mkanda nifunge tumbo, niendelee nao?

JIBU: Marahaba, dada. Msikilize daktari wa pili, ila kwa sharti moja: kabla ya kusubiri, kinyama kiwe kimechukuliwa na kupimwa. CT scan inaonyesha uvimbe uko wapi na una ukubwa gani. Jina lake hasa hutolewa na maabara.

Kuchanganya ngiri ya kovu na desmoidi si jambo la ajabu, maana vyote viwili huota pale pale kwenye ukuta wa tumbo, na desmoidi ni adimu: wagonjwa wapya kati ya 2 na 6 hivi kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Daktari aliyeona ngiri wiki nzima ataiona ngiri na kwako. Lakini mikono ikitulia, tofauti ipo. Ukilala chali na kukohoa, ngiri husukuma vidole vyangu, kwa sababu kilicho chini ni utumbo au mafuta ya ndani yanayopenya kwenye tundu la misuli. Mara nyingi ukilala hurudi ndani yenyewe, nami naweza kupapasa kingo za lile tundu. Desmoidi haisukumi ukikohoa wala haipungui ukilala. Kisha nitakuomba uinue kichwa na mabega bila kushika kitanda. Misuli ikikaza, uvimbe ulio ndani kabisa ya tumbo hufichika chini yake. Ulioota kwenye misuli yenyewe utaendelea kupapasika, ila ule uliokuwa ukisogea kidogo kulia na kushoto sasa umeganda.

Kuna kitu cha tatu ambacho hukunitajia. Je, unauma zaidi ukiwa kwenye siku zako? Wakati wa oparesheni ya uzazi, chembe za utando wa ndani wa mfuko wa uzazi zinaweza kubaki kwenye kidonda, zikaota humo na kuvimba kila mwezi. Hiyo ni endometriosi ya kovu, na matibabu yake ni mengine kabisa.

Kwa hiyo kinyama. Omba kichukuliwe kwa sindano nene inayokata kipande, ikiongozwa na altrasaundi. Sindano nyembamba ya kufyonza chembe haitoshi, maana desmoidi ni nyuzi ngumu na chembe zake hazitoki kirahisi. Daktari wa maabara akiona nyuzi hizo, huongeza rangi maalumu ya kutafuta protini iitwayo beta-katenini ndani ya kiini cha chembe. Ikionekana humo, jibu linapata nguvu. Kama kipimo hicho hakifanyiki ulipo, waombe kipande kilichogandishwa kwenye nta kipelekwe Muhimbili. Ni mali yako, una haki ya kukiomba.

Sasa shemeji. Hofu yake naielewa, lakini desmoidi haisafiri kwenda mapafuni wala kwenye ini. Ubaya wake ni wa jirani mkorofi: haina ganda, huingiza nyuzi zake katikati ya misuli, na ukiikata kwa kubana inarudi palepale. Zamani tulikimbilia kisu. Mwongozo wa pamoja wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2020 unashauri kuanza kwa kuitazama kwa karibu: MRI au CT scan nyingine baada ya miezi miwili hivi, halafu kila baada ya miezi 3 hadi 6. MRI ni bora, kwa kuwa haina mionzi na wewe bado kijana. Kusubiri huku si kupuuzwa. Katika utafiti wa dawa ya sorafenibu uliotolewa mwaka 2018, hata miongoni mwa wagonjwa waliopewa kidonge kisicho na dawa, mmoja kati ya watano uvimbe wake ulisinyaa.

Ukiendelea kukua au ukikunyima usingizi, hapo tunapasua, na kwa bahati nzuri ukuta wa tumbo ndipo mahali ambapo desmoidi hutolewa kwa mafanikio zaidi. Tunaukata pamoja na ukanda wa misuli mizima kuuzunguka. Usidhani basi imekwisha: linabaki tundu, na tundu hilo likifungwa kwa kuvuta nyama kwa nguvu, tumekutengenezea ngiri kwa mikono yetu. Ndiyo maana tunaweka wavu wa plastiki unaopita kingo za tundu kwa sentimita 5 kila upande. Muulize daktari wako wavu utakaa tabaka gani. Wavu wa kawaida wa polipropilini ukigusana na utumbo hugandana nao na unaweza kuutoboa, kwa hiyo ama uwekwe mbali na utumbo, ama utumike ule wenye utando upande wa ndani. Swali hilo moja litakuonyesha kama unayeongea naye amewahi kufanya kazi hii.

Dawa zipo kwa uvimbe usiopasulika. Mionzi, ambayo kwa hapa Dar utaipata Ocean Road, kwa umri wako ningeiweka mwisho kabisa.

Kuzaa, ndiyo, inawezekana. Desmoidi hupenda kukua wakati wa ujauzito, kwa hiyo ningependa kwanza tuione imetulia. Ukiwekewa wavu, mimi huwashauri kina mama wangoje angalau mwaka mmoja. Ukipewa methotrexate, mojawapo ya dawa nilizogusia, usishike mimba hata kidogo wakati unaitumia. Na kama kwenu kuna mtu aliyepata saratani ya utumbo mpana akiwa kijana, mwambie daktari hata asipouliza, maana kuna ugonjwa wa kurithi unaoleta vyote viwili, na huo hupimwa kwa kamera ya utumbo.

Mkanda wa mama haudhuru ukiufunga kwa kulegeza, lakini hautibu ngiri wala desmoidi. Ninachokukataza ni kukandwa. Najua ukijifungua huku kwetu lazima ukandwe na maji ya moto, ila sasa hatujajua kilicho chini ya ngozi, na kama ni utumbo ulionaswa, kuusukumasukuma kunaweza kuuumiza. Uvimbe ukianza kuuma ghafla, ukakaza zaidi, ukatapika na ukashindwa kupata choo au kutoa hewa, usisubiri tarehe ya kliniki. Hospitali ya Temeke iko karibu nawe, nenda usiku huohuo, na ubebe CT scan yako.