Sahani ya Amanaz

SWALI: Shikamoo Mzee. Marehemu baba alikuwa dereva wa treni TAZARA, safari zake zikifika hadi Kapiri Mposhi. Katuachia sanduku la santuri. Nyingi ni za Franco na Tabu Ley, ila moja imeandikwa Amanaz, "Africa". Gitaa lake linanguruma kama mashine ya kusaga, na wanaimba Kiingereza na lugha nyingine. Kava limeliwa na panya. Fundi mmoja wa Mwanjelwa ananipa elfu ishirini. Hawa ni akina nani, na nimuuzie?
Binti wa Reli, Iyunga, Mbeya

JIBU: Marahaba binti yangu, na poleni sana. Usimuuzie. Sahani hiyo ya santuri ikiwa ya chapa ya mwanzo, wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huinunua kwa mamia ya dola, hata ikiwa na mikwaruzo. Kava kuliwa na panya kutapunguza bei, lakini si mpaka ifike elfu ishirini.

Amanaz ni vijana watano wa Kitwe, kwenye migodi ya shaba ya Zambia. Keith Kabwe aliimba, Isaac Mpofu na John Kanyepa wakapiga magitaa, Jerry Mausala besi, Watson Lungu ngoma. "Africa" ilitoka 1975, na ndiyo LP, yaani sahani kubwa ya nyimbo nyingi, waliyotuachia enzi zile. Lugha nyingine unayoisikia ni Kibemba na Kinyanja. Miji ya migodi ilikuwa na mishahara, baa na umeme, na rock ya Uingereza ilishaingia masikioni mwa vijana. Wakaichukua, wakaifanya yao. Leo inaitwa Zamrock. Wenzao wa bendi ya WITCH, wa hukohuko Kitwe, walikuwa wameshatangulia kutoa LP. Kisha bei ya shaba ikaporomoka, fedha zikakauka, na baadaye UKIMWI ukawamaliza wanamuziki wengi wa kizazi kile. Ndiyo maana sahani hizi ni adimu.

Mimi ni mtu wa dansi, sikufichi. Ngurumo ile ya gitaa hunichosha kabla upande mmoja haujaisha. Lakini wimbo wao "Khala My Friend" huwa naurudia. Na wivu ninao: bendi zetu zilirekodi Redio Tanzania, kanda zikabaki maktaba, na sahani zikachapwa Nairobi. Mpaka wa Kenya ulipofungwa 1977, njia hiyo nayo ikaziba. Tancut Almasi ya Iringa, bendi ya kiwanda cha kukata almasi, ilivuma nchi nzima miaka ya themanini, lakini watu wa Nyanda za Juu wengi waliijua kwa redio na kaseti tu. Vijana wa Kitwe walikuwa na LP nzima ya nyimbo zao wenyewe!

Sasa itazame. Karatasi ya katikati iwe imeandikwa Zambia Music Parlour, kampuni iliyoitoa. Upande wa kwanza uanze na wimbo "Amanaz", wa pili uishie na "Kale". Ukiona jina la kampuni ya Now-Again, hiyo ni ya kuchapwa upya miaka ya karibuni, na bei yake ni ya kawaida. Halafu sikiliza mwangwi: zipo aina mbili, moja sauti ni kavu, nyingine imejaa mwangwi kana kwamba wako kanisani. Ukipata mnunuzi wa kweli atakuuliza hilo kwanza, kwa hiyo uwe na jibu.

Huyo fundi asikujaribishie kwenye gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Ile ina sindano ya chuma na mwendo wa mizunguko 78 kwa dakika, italima mifereji yote kwa mara moja. LP inataka 33 na sindano nyepesi. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, ukifuata mifereji kwa kitambaa laini, bila kulowesha karatasi ya katikati. Spiriti usiiguse, hasa kama sandukuni kuna sahani za zamani zile nzito zinazovunjika, maana hizo inaziyeyusha. Zote zisimame wima, mbali na bati. Na hizo za Franco na Tabu Ley niandikie majina yake toleo lijalo. Huenda nazo zina neno.