Ubuyu hauna rangi, mashine inasema inayo

SWALI: Assalaam alaykum. Napima rangi nyekundu ya chakula, Ponceau 4R, kwenye ubuyu unaouzwa sokoni Darajani, Unguja. Naloweka gramu 1 kwenye maji, nachuja kwa kitambaa, nasoma kwa spektrofotomita (mashine ya kupima mwanga unaovuka) kwenye wimbi la nanomita 505. Mstari wangu wa kalibresheni, yaani wa kugeuza namba ya mashine kuwa kiasi cha rangi, wa miligramu 2 hadi 20 kwa lita, una R² ya 0.999. Juzi nimepika ubuyu mwenyewe bila ya rangi hata tone, na bado mashine ikanambia una miligramu 3 kwa lita. Nimekosea wapi?

JIBU: Wa alaykum salaam. Mstari wako ni mzima, ila umeujenga kwa rangi ndani ya maji safi. R² inakwambia namna nukta zako zilivyoshikana na mstari, basi. Ubuyu haumo ndani yake.

Inua kyuveti yako (kile kichupa cha kusomea) dirishani uitazame. Utaona ukungu: ni unga wa ubuyu, na kitambaa hakiuzuii. Mashine inahesabu mwanga uliovuka tu. Uliofyonzwa na rangi na uliotawanywa na unga kwake ni kitu kimoja. Miligramu zako 3 ni ufyonzaji (namba ya mashine ya mwanga uliopotea njiani) wa kama 0.13, na ukungu hafifu unatosha kuitoa namba hiyo. Soma tena kwenye nanomita 700, ambako Ponceau haifyonzi. Ikipanda juu ya sifuri, umempata mwizi. Usidhani, lakini, kwamba kuipunguza hiyo namba ya 700 kwenye ile ya 505 kunatosha: ukungu hutawanya zaidi mawimbi mafupi, kwa hiyo kwenye 505 ni mwingi kuliko hapo.

Zungusha sampuli kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi ili unga utuame), kisha ichuje kwa chujio la mikromita 0.45. Halafu, na hili ndilo ninalokusisitiza khasa, usiweke sifuri kwa maji. Weka kwa ule ubuyu wako usio na rangi, wenye sukari na iliki kama wa dukani, uzito ule ule, maji yale yale. Sufuria iliyokutia wasiwasi ndiyo dawa yako.

Baadaye gawa maji ya sampuli moja kwenye chupa tano, ujazo sawa, uongeze rangi unayoijua: miligramu 0, 2, 4, 6, 8 kwa lita, uchore mstari wake. Mwinamo ukilingana na ule wa maji safi, endelea na mstari wako. Usipolingana, hesabu kwa mstari huu mpya. Wengi hudhani njia hii inaondoa na ukungu. Haiondoi, inarekebisha mwinamo tu.

Ufyonzaji ukizidi 1, maana yake mwanga uliovuka haufiki asilimia 10. Zimua sampuli usome upya.

Na kwenye ripoti andika "rangi nyekundu, ikihesabiwa kama Ponceau 4R". Allura Red, rangi nyingine nyekundu ya chakula, nayo kilele chake cha ufyonzaji kiko karibu na 505, na kwa wimbi moja huwezi kuzitenganisha.