Mtoto wa miezi 20 hatulii na kitabu, anachana tu: nilichojifunza kwa wanangu wawili

Dada umeuliza kama kuna faida yoyote kumsomea mtoto wa miezi 20 wakati hakai hata dakika mbili, anafunua kurasa kinyumenyume na kuzichana, na watu wanakwambia subiri akue kwanza. Usisubiri. Mimi ni baba wa wawili na kwa wa kwanza nilikosea sana, ngoja nikueleze.

Yule wa kwanza nilikuwa namsomea kama mtu anayesoma taarifa ya habari, mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, akitaka kurudi kwenye picha ya mbwa namwambia tulia tumalize, akishuka mapajani namrudisha, mwisho ikawa akiniona tu nimeshika kitabu anakimbia. Anakaribia miaka miwili maneno yake yanahesabika, na mimi najiuliza mbona namsomea kila siku? Kumbe nilikuwa najisomea mwenyewe, yeye nafasi ya kusema hakuwa nayo kabisa.

Nesi mmoja wa kliniki ndo alinishtua, aliniona niko naye na kitabu kwenye foleni akaniambia baba, ukishauliza nyamaza, hesabu mpaka tano moyoni. Aisee hizo sekunde tano ni ndefu! Ila mtoto anazihitaji, maana lazima asikie, alitafute neno, halafu apange mdomo alitoe, na sisi wakubwa tunakuwa tumeshajibu kabla hajafika hata katikati. Usiku huo nikafungua ile picha ya mbwa nikamuuliza huyu anafanyaje, nikanyamaza. Akaangalia picha, akaniangalia mimi, akasema "kimbi". Sikumsahihisha, nikamwambia eeh, mbwa anakimbia, anamkimbiza paka. Akarudia "paka". Ukurasa huohuo mmoja tukakaa nao mpaka akachoka na kwa kweli nilitokwa na machozi.

Baadaye nikaja kusoma kwamba jambo hili lilishapimwa zamani, Grover Whitehurst na wenzake kule Marekani walichapisha mwaka 1988, walichukua wazazi wenye watoto wa miaka miwili hivi, kundi moja wakalifundisha kuuliza maswali yasiyojibiwa kwa ndiyo au hapana na kurefusha kile mtoto alichosema, kundi lingine likaendelea kusoma kama lilivyozoea. Ndani ya mwezi mmoja watoto wa kundi la kwanza wakawa mbele katika kuongea. Na wote walikuwa wanasomewa vitabu! Namna ya kusoma ndo ilileta tofauti.

Kwa hiyo kuchokachoka kwake kusikutishe, dakika mbili akitaka mbili zinatosha, utarudi tena jioni. Mwache ashike yeye, afunue yeye, hata akiruka kurasa nne fuata pale kidole chake kilipo. Akitaka kitabu kilekile siku kumi mfululizo mpe tu, siku ya kwanza anaona mbwa, siku ya tano anaona mkia. Maandishi sio lazima uyafuate, simulia picha kwa maneno yako. Na lugha tumia ile unayombembelezea na kumgombezea, usihangaike na lugha ya kigeni ambayo hata wewe unaitafuta, manake kwenye Kiswahili ukisema kiatu chako kiko wapi, viatu vyako viko wapi, sikio lake linaokota jinsi maneno yanavyofuatana na hakuna anayemfundisha ngeli hapo.

Ila usimwekee video ya simu inayosimulia hadithi ukadhani ni yaleyale. Patricia Kuhl na wenzake mwaka 2003 walitoa utafiti wa watoto wa Marekani wa miezi 9, wengine walikaa na mtu anayeongea Kichina akiwasomea na kucheza nao, wengine wakaonyeshwa hayohayo kwenye video. Waliokuwa na mtu mbele yao walizishika sauti za Kichina, wa video hawakuambulia kitu. Mtoto anataka uso unaomjibu.

Jambo moja naomba ulichukulie kwa uzito, kama akifika miaka miwili haunganishi maneno mawili kama "mama njoo", au ukimwita kwa nyuma hageuki, mpeleke apimwe masikio mapema, usikubali wanaokwambia huyo atachelewa tu kama mjomba wake. Vitabu havitibu usikivu.

Kuhusu kuchana, wa pili nilimtafutia vya kurasa ngumu, na vile vya karatasi vikichanika tulikuwa tunakaa chini wote tunabandika na selotepu, namwambia imechanika, tunabandika, bonyeza hapa. "Bandika" alilisema kabla ya "asante".