Chuo kinapangwa, rodi za kuchomelea hazipangwi

Mkuu, umeuliza kwa nini vyuo vya ufundi stadi vinazidi kujengwa wilayani huku waajiri wakilalamika kwamba wanaomaliza hawajui kazi, na kama dawa ni kubadili mitaala. Nimefundisha uchomeleaji miaka kumi na mmoja, minne ya mwisho nikiwa pia kwenye kamati ya mipango ya chuo ambacho sitakitaja.

Mitaala naitetea. Tulipotoka kwenye trade test, ile mitihani ya zamani ya ufundi, tukaingia kwenye NVA, yaani tuzo ya taifa ya ufundi stadi, mtaala ulianza kueleza kijana aweze kufanya nini kwa mikono yake. Tatizo liko kwenye kalenda ya fedha, na kwenye nani mwenye kauli ya mwisho.

Wanafunzi wetu huingia Januari. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai. Kwa hiyo mahitaji ya darasa la Januari tunayaandika karibu mwaka mzima kabla hatujamwona hata mmoja wao, na darasa hilohilo linakatwa katikati na bajeti mbili. Mwaka mmoja tuliandika vijana 20 wa uchomeleaji. Wakaja 43, maana agizo la kuongeza udahili lilitoka juu bajeti ikiwa imeshafungwa. Rodi zilibaki za watu 20, mashine zilezile tano.

Asiyewahi kushika mashine ya kuchomelea huenda asione uzito wa jambo hili. Mkono hautulii kwa kuelezwa. Kijana lazima aunguze rodi nyingi, atoboe mabati, aharibu skwea paipu, akate, arudie, mpaka sikio lake lijue mlio wa moto uliokaa sawa. Kufikia Machi rodi zilikuwa zinaisha, nikawa nachomelea mimi, wao wamejipanga nyuma yangu wakipokezana helmeti kutazama. Walifanya mtihani wakafaulu. Mmoja alipokwenda field kwa fundi wa mageti, siku ya pili fundi akanipigia: "Mwalimu, kijana wako anazijua aina zote za viungo, ila hajawahi kuchomelea juu ya kichwa." Ilikuwa kweli, na iliniuma kwa sababu kijana yule alikuwa na bidii.

Watu husema fedha hazipo. Tangu Sheria ya VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, ya 1994, mwajiri anakatwa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL inayokusanywa na TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania. Iliwahi kufika asilimia 6 ya malipo ya wafanyakazi. Julai 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5, na mwaka 2021 ilibadilishwa iwaguse wenye wafanyakazi kumi na kuendelea. Lakini kwa muda mrefu mgawanyo umekuwa theluthi moja kwa ufundi stadi, theluthi mbili Hazina. Mwajiri anayelalamikia vijana wetu analipa kweli, na ana haki ya kuuliza fedha yake ilifika karakana ipi.

Sheria ile ilikusudia mwajiri awe na sauti: bodi ya VETA ikawekewa wawakilishi wa waajiri na wafanyakazi pamoja na serikali. Na hatua ya kuipa NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, usimamizi wa ubora naiunga mkono, kwa sababu zamani mamlaka moja ilimiliki vyuo na ikavikagua. Ila sauti ya mwajiri ikiishia kwenye kikao cha taifa, haitufikii sisi. Tuliwahi kumwalika msimamizi wa matengenezo wa kiwanda cha samaki. Katika saa moja alitueleza kwamba anahitaji watu wa kuchomelea chuma kisichoshika kutu (stainless) kwa TIG, yaani uchomeleaji wa ncha ya tungsten unaokingwa na gesi, na kwamba kazi ya mageti ina watu wengi tayari. Tukaandika andiko wiki ileile. Mashine ya TIG ilikuja baada ya miaka miwili na nusu. Muda wote huo kozi nyingine pale chuoni iliendelea ikiwa na wanafunzi sita, kwa kuwa mkuu wa chuo hana mamlaka ya kusimamisha kozi wala kuhamisha fedha zake.

Kwa hiyo jengo jipya likizinduliwa wilayani kwako, mwulize diwani wako kiasi kilichotengwa cha vifaa vya mazoezi kwa kila mwanafunzi katika mwaka wa pili na wa tatu, na kama mkuu wa chuo anaweza kukitumia bila kusubiri kibali.

Yule fundi wa mageti hakusoma chuo chochote. Baadaye alipimwa kupitia utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, akapata cheti chake. Tukamwomba aje Jumamosi kuwafundisha vijana kuchomelea juu ya kichwa, akakubali papo hapo. Mhasibu akapekua vifungu vyote vya bajeti, hakukuwa na kimoja cha kumlipa. Alikuja Jumamosi nne, kwa nauli yake, na rodi akabeba za kwake.